Maswali ya Wasomaji: Achilles Alisomea Wapi?

Katika toleo lililopita safu hii ilisimulia kwa ufupi kisa cha Iliadi, utenzi mkubwa wa Wagiriki wa kale unaohusishwa na jina la Homer: jinsi Achilles, mpiganaji hodari kuliko wote waliouzingira mji wa Troy, alivyosusa vita baada ya mfalme Agamemnon kumpokonya Briseis, mateka ambaye jeshi lilikuwa limemgawia kuwa tuzo yake, na jinsi wenzake walivyoteketea huku yeye amekaa kambini. Barua zilizofuata zimenishangaza, kwa kuwa walioandika hawakuuliza habari za vita. Wengi waliuliza kijana wa namna hiyo alilelewa na nani, na alifunzwa nini. Nimechagua barua sita, nikazipunguza pale mwandishi alipojirudia.

Wanafunzi wangu wameniuliza Achilles alisomeshwa na nani. Kitabu kimoja kinasema alilelewa na mzee Phoenix nyumbani kwa baba yake. Kingine kinasema alipelekwa mlimani kwa Chiron, kiumbe mwenye kiwiliwili cha mtu na miguu ya farasi. Habari ipi ni sahihi? *Mwalimu wa Fasihi, Morogoro*

Zote mbili ni sahihi, Mwalimu, na zote mbili zimo katika Iliadi yenyewe, ingawa Homer hakuzipa uzito ulio sawa. Phoenix amepewa nafasi kubwa katika kitabu cha 9, yaani sehemu ya tisa ya utenzi, pale ujumbe wa wapiganaji Odysseus na Ajax, pamoja na yeye mwenyewe, unapokwenda kumbembeleza Achilles arudi vitani. Humo tunaambiwa kwamba siku mzee Peleus alipomtuma mwanawe kwa Agamemnon, kijana huyo alikuwa bado mtoto, hajui vita wala mabaraza ambamo wanaume hujipatia sifa, na kwamba Phoenix alifuatanishwa naye ili amfundishe kuwa msemaji wa maneno na mtenda wa matendo. Mafunzo yote ya shujaa wa Homer yamo katika maneno hayo machache, nami huwaomba wasomaji watazame mpangilio wake: kusema kumetangulia kutenda. Aliyejua kurusha mkuki lakini hawezi kusimama barazani na kusikilizwa alihesabiwa kuwa nusu ya mtu.

Chiron, kwa upande wake, hutajwa mara chache tu, na karibu kila mara kwa ajili ya dawa au mkuki. Mahali pazuri zaidi ni mwishoni mwa kitabu cha 11. Mpiganaji aitwaye Eurypylus anarudi kutoka vitani akichechemea, mshale umemkaa pajani, jasho linamtiririka na damu nyeusi inamtoka. Jeshi lina waganga wawili, lakini mmoja amejeruhiwa na mwingine yuko kwenye mapigano. Basi anamwomba Patroclus, rafiki wa Achilles, amkate mshale ule, amwoshe damu kwa maji ya uvuguvugu na kumpaka dawa za kutuliza, zile ambazo watu husema Patroclus amefundishwa na Achilles, naye Achilles alifundishwa na Chiron, mwadilifu kuliko viumbe wote wa aina yake. Patroclus anamlaza juu ya ngozi za ng'ombe, anautoa mshale kwa kisu, anasugua mzizi mchungu viganjani na kuuweka juu ya kidonda. Maumivu yanatulia na damu inakata. Tazama elimu hiyo ilivyosafiri, kutoka pangoni katika mlima Pelion hadi kwenye paja la mtu ambaye hakuwahi kumwona Chiron. Mwalimu mwenyewe hayuko popote katika tukio hilo, na hata mwanafunzi wake wa kwanza hayupo.

Washairi waliomfuata Homer walipenda sana habari za mlimani wakazikuza. Pindar, katika karne ya 5 kabla ya Kristo, anasimulia kwamba Achilles alikuwa akiua simba na nguruwe mwitu tangu umri wa miaka 6, akimletea Chiron mizoga yao ikiwa bado inatweta. Apollonius, katika utenzi wake wa karne ya 3 kabla ya Kristo kuhusu safari ya Jason na merikebu ya Argo, anamwonyesha Chiron akishuka mlimani hadi mawimbi yakamlowesha miguu, akiwapungia mkono wasafiri, huku mke wake amempakata mtoto Achilles ili Peleus, aliyekuwa merikebuni, amwone mwanawe. Statius, mshairi wa Kirumi wa karne ya 1 baada ya Kristo, ndiye aliyekwenda mbali zaidi: kijana wake analishwa matumbo ya simba na uboho wa mbwa mwitu, anakimbizwa juu ya barafu nyembamba bila kuivunja, na anasimamishwa katikati ya mto uliofurika apambane na nguvu za maji. Mchoro mmoja wa ukutani kutoka Herculaneum, mji uliofunikwa na volkano ya Vesuvius mwaka 79, umechagua upole badala ya ukali huo. Chiron ameketi juu ya miguu yake ya nyuma ya farasi, mikono yake imemzunguka mvulana aliyeshika kinubi, na mvulana amegeuza shingo kumtazama mwalimu usoni.

Mimi binafsi namwona Chiron wa Homer, yule asiyeonekana, kuwa mwalimu mkubwa kuliko huyu wa Statius, ambaye amefanana mno na mkufunzi wa jeshi. Ila ukiwasomea vijana wako darasani, najua ni yupi watakayemtaka.

Shikamoo Mwalimu. Naomba kuuliza, je, mashujaa hawa walijua kusoma na kuandika? *Mwanafunzi wa kidato cha tano, Tanga*

Marahaba. Kwa jinsi Homer anavyowaonyesha, hawakujua. Katika kitabu cha 7 cha Iliadi, wanaume 9 wa Kigiriki wanajitolea kupambana na Hector, mpiganaji mkuu wa Troy, na ili kumpata mmoja wanapiga kura: kila mtu anatia alama yake kwenye kura, na zote zinatupwa ndani ya kofia ya vita ya Agamemnon. Kura moja inaruka nje. Mpiga mbiu hasomi jina lililoandikwa. Anaibeba kura hiyo na kumwonyesha kila mmoja, nao wanakana mmoja baada ya mwingine, mpaka anapofika kwa Ajax, ambaye anaitambua alama aliyoichora kwa mkono wake. Kama ingekuwa ni maandishi, safari hiyo yote isingehitajika. Mahali pekee panapofanana na barua ni kisa cha Bellerophon katika kitabu cha 6, aliyepewa ubao uliokunjwa wenye alama za kifo apeleke kwa mfalme wa Lycia, asijue kwamba amebeba amri ya kuuawa kwake mwenyewe. Nadhani mshairi alikuwa amesikia habari za maandishi, akayaona kuwa jambo la hila na la kuogofya.

Watoto wa Athens wa karne nyingi baadaye walisoma na kuandika, na kitabu chao kikuu kilikuwa Homer huyo huyo. Mwandishi Xenophon anamtaja mtu aliyeitwa Niceratus, ambaye baba yake alimlazimisha kuhifadhi moyoni Iliadi na pia Odisei, utenzi wa Homer wa kurudi kwa Odysseus kutoka Troy, yaani zaidi ya mistari 27,000 kwa jumla. Ukiona shairi la beti 20 linakulemea kabla ya mtihani, mfikirie yeye.

Ndugu Mhariri, mimi ni mzazi wa watoto watatu wa kiume. Wahenga wetu walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Je, Wagiriki nao waliamini hivyo? Maana kama huyo Achilles alifunzwa vizuri, mbona alikuwa mkaidi kiasi kile? *Mzazi, Kisumu*

Swali lako, mzazi mwenzangu, ndilo swali la kitabu cha 9 chote, na sidhani kama mshairi alitaka tulimalize haraka.

Phoenix hakuwa mwalimu wa kuajiriwa. Alikuwa mtoto wa mfalme aliyegombana na baba yake kwa sababu ya suria: mama yake alimwomba alale na mwanamke huyo ili suria amchukie mzee, naye akakubali; baba akamlaani asizae mtoto wa kupakata. Alikimbia kwao, akapokewa na Peleus kama mwana, na kwa kuwa laana ilikuwa imemfungia uzazi, mapenzi yake yote ya baba yakamwangukia mtoto wa mwenyeji wake. Sasa, mbele ya Achilles mtu mzima anayetishia kupakia merikebu zake na kurudi kwao, mzee huyu hamkumbushi mbinu za vita. Anamkumbusha chakula. Hukukubali kwenda karamuni na mtu mwingine, anamwambia, wala kula nyumbani, mpaka nikupakate magotini, nikukatie nyama na kukushikia kikombe cha divai. Na mara ngapi ulinilowesha kanzu kifuani kwa divai uliyoitema, kwa usumbufu wa utoto. Katika utenzi uliojaa mikuki na mafuvu yaliyopasuka, hilo ndilo doa la pekee la divai kwenye nguo ya mlezi, na Phoenix analitumia kama hoja.

Halafu anasema wazi alichotarajia: alimfanya kuwa mwanawe ili siku moja Achilles amkinge na maafa. Anaongeza kisa kirefu cha Meleager, shujaa mwingine aliyesusa vita kwa hasira, akakataa zawadi, kisha akalazimika kupigana wakati zawadi zimekwisha kuondolewa. Je, Achilles anasikia? Anamwita baba, anamtandikia kitanda alale hapo kambini, lakini anamwambia asimvuruge moyo kwa machozi yanayomfaidi Agamemnon. Kwa haraka mtu angesema malezi yameshindwa. Ukisoma polepole utaona jambo jingine. Odysseus alipomaliza kusema, Achilles alijibu kwamba kesho asubuhi anaondoka. Phoenix alipomaliza, akasema kesho asubuhi watatafakari pamoja kama waondoke au wabaki. Ajax alipomaliza, akasema hatashika silaha mpaka Hector afike kwenye merikebu zake. Habari ya kuondoka haitaji tena. Mkaidi huyo alikuwa anasogea, ila kwa hatua ambazo wajumbe hawakuziona, maana Odysseus aliporudi kwa Agamemnon aliripoti lile jibu la kwanza tu.

Kuna jambo la pili ambalo ningependa ulipime. Baba yake Achilles alimpa maneno ya kumuaga, na utenzi unayarudia mara mbili kupitia vinywa vya watu wawili tofauti waliokuwepo. Odysseus anasema Peleus alimwagiza mwanawe auzuie moyo wake wenye kiburi na ajiepushe na ugomvi, kwa kuwa upole ni bora. Nestor, mzee mshauri wa jeshi la Wagiriki, katika kitabu cha 11 anasema Peleus alimwagiza awe bora daima na awapite wengine wote. Huenda mzee alisema yote mawili, kama sisi wazazi tunavyofanya kituo cha basi mtoto anapokwenda bweni: soma uwe wa kwanza, na usigombane na mtu. Achilles ameshika agizo moja kwa nguvu zote, na hilo ndilo linalomfanya ashindwe jingine. Aliyefunzwa kuwa wa kwanza amevuliwa tuzo mbele ya watu. Kwa nini asikasirike?

Na hapa nimefikia jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha habari yote ya elimu katika tenzi hizi. Homer karibu hatuonyeshi somo likitolewa. Somo huja limechelewa, likikumbushwa na mtu mwingine, wakati mwanafunzi amesimama ukingoni. Nestor anamkumbusha Patroclus kwamba baba yake, Menoetius, alimwambia: Achilles amekuzidi kwa nasaba na kwa nguvu, lakini wewe umemzidi umri, mwongoze kwa neno la busara naye atakusikia. Hivyo ndivyo mzee alivyokuagiza, anasema Nestor, nawe umesahau. Patroclus anakumbuka, anakwenda kwa Achilles akilia, anaomba avae silaha zake, anaingia nazo vitani, na huko anauawa. Hakufa kwa kupuuza aliyofunzwa. Alikufa kwa kuyatii, siku ambayo kutii kulikuwa hatari. Vivyo hivyo Hector: mke wake Andromache anamsihi abaki kwenye ukuta wa mji asimfanye mjane, naye anajibu kwamba amejifunza kuwa jasiri daima na kupigana miongoni mwa walio mbele. Ametumia neno lile lile la kujifunza, kana kwamba ushujaa ni somo aliloketi akalisoma na sasa hawezi kulisahau.

Plato hakumpenda mzee Phoenix. Katika Jamhuri yake anamlaumu kwa kumfundisha kijana kwamba akipewa zawadi arudi, asipopewa aendelee kukasirika. Lawama hiyo ina mantiki ya mwanafalsafa, lakini Plato hakuyatazama machozi ya mzee. Aliyefanikiwa kulifikia lile ambalo Phoenix alilikosa ni adui. Katika kitabu cha mwisho Priam, mfalme wa Troy, anaingia usiku kambini kuomba maiti ya mwanawe Hector, anapiga magoti, anaibusu mikono iliyomuulia watoto, na neno lake la kwanza ni kwamba Achilles amkumbuke baba yake. Wanalia wote wawili. Methali yako, basi, nadhani Homer angeiitikia nusu: malezi yalikuwamo ndani ya Achilles wakati wote, ila hakuna aliyejua ni nani angeyaamsha, wala lini.

Kazini kwetu hapa Muscat kila mfanyakazi mpya hupewa "menta". Nimesikia kwamba neno hilo limetoka katika Odisei. Ni kweli? *Msomaji, Oman*

Ni kweli, lakini kwa njia ya kuzunguka. Mentor ni jina la mzee wa Ithaca ambaye Odysseus, mfalme wa kisiwa hicho, alipokwenda Troy alimwachia nyumba yake aiangalie. Ukimpima kwa kazi hiyo, alifanya kidogo sana: waposaji waliokuja kumtaka Penelope, mke wa Odysseus, wamekaa miaka wakichinja mifugo ya watu, na mara ya pekee Mentor anaposimama barazani kuwakemea wananchi kwa kunyamaza, anazomewa na kunyamazishwa. Anayemwongoza kijana Telemachus, mwana wa Odysseus, ni mungu wa kike Athena, aliyejivika sura na sauti ya Mentor. Sifa ya mshauri mwema imemwangukia mzee ambaye umbo lake tu ndilo lililoazimwa. Na aliyelifanya jina hilo lienee kama neno la kawaida ni Fénelon, kasisi Mfaransa aliyekuwa mwalimu wa mjukuu wa mfalme Louis XIV, katika hadithi yake kuhusu Telemachus iliyochapishwa mwaka 1699, ambamo Mentor anahutubia karibu kila ukurasa.

Katika Odisei yenyewe, Athena hahutubii sana. Telemachus tunayekutana naye mwanzoni ni kijana wa umri wa kama miaka 20, aliyekua bila baba, anayekaa katikati ya waposaji akiota ndoto za mchana. Anapoitisha baraza, anaanza vizuri, kisha anaitupa chini fimbo ya msemaji na kulia. Dawa anayopewa ni safari. Yeye na Athena wanafika Pylos, mji wa Nestor, na kukuta watu 4,500 ufukweni, wamegawanyika katika makundi 9, kila kundi likitoa kafara ya mafahali 9, na kijana anasita: nitamwendeaje mzee Nestor, mimi sijazoea maneno yenye ufundi, na kijana huona haya kumhoji mtu mzima? Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa haya hiyo. Athena anamjibu kwamba mengine atayafikiri mwenyewe, na mengine mungu atamtia moyoni, kisha anatangulia mbele na kumwacha afuate.

Huko Pylos na Sparta hakuna anayemfundisha Telemachus kwa maneno. Anamwona Peisistratus, mtoto wa Nestor ambaye ni rika lake, akimpa kikombe mgeni mwenye umri mkubwa kwanza. Ndani ya jumba la Menelaus, mfalme wa Sparta, anamnong'oneza mwenzake sikioni kuhusu dhahabu na pembe za ndovu, kama kijana yeyote wa shamba aliyeingia mjini. Lakini Menelaus anapotaka kumpa zawadi ya farasi watatu na gari, Telemachus anakataa kwa adabu kamili: farasi nitakuachia wewe, mwenye nyanda pana zenye malisho, Ithaca kwetu hakuna nyanda, ni kisiwa cha mbuzi, nami nakipenda zaidi. Menelaus anatabasamu na kusema kwamba maneno hayo yanaonyesha damu njema. Siku chache tu zimepita tangu aliposema hajui kusema.

Mtihani wake unakuja baba akisharudi. Anajaribu kuvuta uta wa Odysseus mara tatu na kushindwa. Mara ya nne angeweza, lakini baba anampa ishara ya kichwa na yeye anaacha, akijisingizia udhaifu mbele ya maadui. Baadaye, waposaji wanapopata silaha kwa sababu mlango wa ghala uliachwa wazi, anasema bila kuzunguka kwamba kosa ni lake na si la mwingine. Nisingependa kumfanya malaika, hata hivyo. Baba yake aliamuru watumishi wa kike 12 waliolala na waposaji wauawe kwa upanga. Telemachus aliona kifo hicho ni cha heshima mno, akawanyonga kwa kamba ya merikebu. Hilo nalo ni sehemu ya kukua kwake kama utenzi unavyokuona, na mwalimu anayelifundisha darasani hana ruhusa ya kuliruka.

Mmezungumza sana habari za wavulana. Wasichana je? *Msomaji wa kike, Unguja*

Umenishika, dada. Tenzi hizi zinasema machache, na mara nyingi zinasema kwa njia ya kazi za mikono. Katika Odisei, Penelope anasimulia kisa cha mabinti wa Pandareus, yatima waliolelewa na miungu wa kike: Aphrodite aliwalisha jibini, asali na divai, Hera akawapa uzuri na busara, Artemis kimo, na Athena akawafundisha kazi za ufundi, kisha upepo wa dhoruba ukawanyakua kabla ya kuolewa. Ni orodha kamili ya malezi ya binti, na inaishia kwa binti kupotea.

Mwenye uhai zaidi ni Nausicaa, binti wa mfalme wa nchi ambako Odysseus alitupwa na bahari. Anaomba gari la nyumbu kwa baba yake akisingizia nguo za kaka zake, ingawa mawazo yake yako kwenye ndoa, na baba anafahamu lakini hasemi. Anaendesha nyumbu mwenyewe, anafua mtoni, anacheza mpira na wenzake. Odysseus anapojitokeza vichakani uchi, amejikinga kwa tawi, wasichana wote wanakimbia, yeye anasimama. Kisha anampa mgeni maelekezo yasiyo na kosa: usifuatane nami mjini, watu watasema, ukiingia nyumbani mpite baba, ukashike magoti ya mama. Utenzi hautuambii nani alimfundisha akili hiyo, ingawa habari ya kumpita baba inadokeza. Kwetu pwani tumebahatika kusikia sauti ya mama mwenyewe, katika utenzi ambao Mwana Kupona binti Msham alimtungia bintiye katikati ya karne ya 19, ambamo anamtaka kwanza atwae wino na karatasi. Nausicaa hakuwa na mama wa kumwandikia.

Je, kuna mahali popote katika tenzi hizi ambapo tunamwona mwalimu akifundisha mbele ya macho yetu, na mwanafunzi akitenda alivyofunzwa? *Msomaji, Lubumbashi*

Lipo somo moja kamili, katika kitabu cha 23 cha Iliadi, kabla ya mashindano ya magari ya farasi kwenye mazishi ya Patroclus. Nestor anamwita mwanawe Antilochus pembeni na kumwambia farasi wako ni wa polepole, basi shinda kwa akili. Mkata miti huwa bora kwa akili kuliko kwa nguvu, na nahodha vivyo hivyo. Anamwonyesha kisiki cha kugeuzia, kikavu, kirefu kama pima moja, chenye mawe meupe mawili ubavuni, pengine alama ya kaburi la mtu wa zamani, na kumweleza jinsi ya kukikaribia hadi kitovu cha gurudumu kionekane kama kinagusa jiwe, bila kuligusa. Ni fundisho zuri la ufundi. Antilochus anasikiliza, anakimbiza farasi, na kisiki hicho hakitajwi tena kabisa! Akili aliyoitumia ni ya kumbana Menelaus mahali ambapo mvua imeichimba njia ikawa nyembamba, mpaka Menelaus akavuta hatamu kwa kuogopa kugongana. Wazee wanaosoma habari hii hucheka, kwa kuwa baba alisema "tumia akili" akimaanisha jambo moja na mwana akasikia jingine. Aliposhtakiwa, Antilochus alikiri kwamba mawazo ya kijana ni ya haraka na busara yake ni nyembamba, akamtoa yule farasi jike aliyepata kama tuzo; na Menelaus, hasira ikamwisha, akamrudishia.

Lakini ukitaka somo lililoshika barabara, itakubidi usubiri hadi kitabu cha mwisho cha Odisei. Odysseus amewaua waposaji na sasa anakwenda shambani kumtafuta baba yake, Laertes. Anamkuta peke yake akipalilia mche, amevaa kanzu yenye viraka, ngozi zimefungwa miguuni na glavu mikononi kwa ajili ya miiba, kofia ya ngozi ya mbuzi kichwani. Mzee haamini kwamba mgeni huyu ni mwanawe, anataka dalili. Odysseus anamwonyesha kwanza kovu la nguruwe mwitu aliyemjeruhi alipokwenda kuwinda kwa babu yake. Kisha anaendelea: nitakutajia pia miti uliyonipa, nilipokuwa mtoto nikikufuata bustanini, nikikuuliza jina la kila mmoja nawe ukinitajia. Ulinipa mipeasi 13, mitufaha 10 na mitini 40, ukaniahidi na safu 50 za mizabibu, kila moja ikiiva kwa wakati wake. Ni miaka 20 tangu aondoke, na zaidi ya hapo tangu siku ile ya kutembea nyuma ya baba, na hesabu haijapungua hata mti mmoja. Magoti ya mzee yakalegea, akamtupia mwanawe mikono shingoni.